Aliyeingilia Kopo Langu la Unga wa Ndimu

Nyumba ya mlango wa kijani,
nyuma ya karakana ya viatu.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mume wangu mdogo,

Mume gani wewe? Miaka miwili na miezi minne hujakanyaga kizingiti cha mkeo. Mara ya mwisho ulikuja na begi la mgongoni, ukala, ukalala, ukasema, "Bibi, likizo ijayo narudi," ukaondoka na mtungi mzima wa pipi zangu. Likizo zimepita, nimezihesabu kwa vidole vya mikono mpaka nikaanza vya miguu. Kama umepata mke mwingine huko niambie mapema, nimwandalie matusi. Simu unapiga, sikatai, lakini simu ni sauti tu. Sauti hainibebei gunia, wala hainionyeshi kama umekonda.

Haya, nimeshafoka, roho imetulia. Sasa nikusalimu. Hujambo mjukuu wangu? Kifua chako kinaendeleaje? Bado unalala dirisha wazi eti unataka hewa? Hewa hiyo hiyo ndiyo iliyokulaza wiki nzima mwaka ule. Funga dirisha. Na mama yako, mwanangu, mgongo umemwachia? Mwambie aache kuinama akifua, beseni aliweke juu ya kiti. Namwambia hivyo tangu ana mimba yako na hajasikia mpaka leo.

Mimi sijambo. Magoti yanalia kama bawaba, lakini yananifikisha. Macho yanaona mpaka ng'ambo ya barabara. Presha ilipanda mwezi wa pili nikapewa vidonge, cheupe asubuhi na cha waridi jioni. Nameza. Usianze kunipigia simu za hofu.

Utaona herufi za barua hii zimelala ubavu kama walevi. Ni mkono wangu mwenyewe. Darasani sikukaa hata siku moja. Herufi alinifundisha babu yako kwenye karatasi za kufungia pipi, na nilipojua kuandika "ndimu" na "chungwa" nikaona yametosha. Barua zote ulizozipata aliandika mke wa mjomba wako, mimi nasema yeye anaandika. Hii hapana. Hii naiandika stoo, nimekaa juu ya gunia la sukari, komeo nimelitia, yeye ametoka kwenda kuchukua karatasi za kufungia. Leo ni siku ya nne naiandika kwa kuibia ibia, kwa sababu habari yenyewe inamhusu yeye.

Mjukuu wangu, kuna mtu ameingilia kopo langu la unga wa ndimu.

Najua unacheka. Unasema bibi ameanza tena. Nilipomshuku yule msoma mita za maji ulicheka hivyo hivyo, na akaja akafukuzwa kazi, sasa nani alikuwa na macho? Sikiliza kwanza.

Umekulia jikoni humu, lakini mji unasahaulisha watu, kwa hiyo nakukumbusha. Unga wa ndimu ni ule ukali uliomo ndani ya ndimu na malimau, ila huu ni mkavu, punje nyeupe. Ukiuona utasema sukari. Ukiulamba utaomba radhi. Pipi bila unga huo si pipi, ni sukari iliyogandishwa. Kwanza unatia chembe mbili tatu sufuria ikiwa bado baridi, ili sukari isije ikarudia punje zake. Unachemsha mpaka tone ukilidondosha kwenye maji baridi linavunjika kama kijiti kikavu. Unaipua. Hapo ndipo wajinga wanapoharibu, wanamwaga unga wakati sukari bado inatokota. Unga ukikuta moto ule unaivunja sukari, na pipi kesho yake mchana inaanza kulia, inatoa maji, inashikana na karatasi kama kupe. Mimi nasubiri sufuria inyamaze. Ikinyamaza natia unga, rangi na harufu, nageuza kwa mwiko haraka, namimina kwenye bati lililopakwa mafuta, nakata kwa mkasi kabla haijawa jiwe.

Na kipimo? Kipimo ni ulimi wangu. Miaka arobaini na mitatu. Nachota tone, nalipoza, nalibandika ncha ya ulimi. Likinibana hapa chini ya masikio, basi, limetosha. Babu yako aliwahi kuniletea mizani nikaifanya kizuizi cha mlango.

Sasa mwezi wa tatu huu uliopita, nikatia unga kama kawaida yangu. Haukunibana. Nikaongeza kijiko. Kimya. Nikaongeza kingine, ndipo ukanibana kidogo, kama mtu anayekusalimu kwa vidole viwili. Nikasema, aha! Unga huu una mkono wa mtu.

Wa kwanza kumshuku nilimshuku muuza viungo wa sokoni, yule tunayemwita Mwenye Mizani. Mtu anayecheka na kila mteja sikumwamini tangu zamani. Nikamfuata na kipakiti changu.

"Umenichanganyia nini humu?"

"Salamu kwanza, Mama Pipi."

"Salamu utapata ukijibu."

Akafungua, akalamba. Jicho la kushoto likajifunga lenyewe, bega likapanda. "Mama," akasema, "huu nikimtia adui yangu kwenye kidonda atakiri mpaka makosa ya babu yake." Watu wa vibanda vya jirani wakacheka. Mimi sikucheka. Mfanyabiashara anaweza kufunga hata macho yote mawili ili auze. Nikanunua kipakiti kingine, nikaenda zangu.

Na kopo nalo likaanza kuisha mbio. Zamani lilinifikisha miezi miwili. Safari hii wiki ya tano nakwangua chini. Nikajiambia, basi mwizi yumo ndani. Unga wa ndimu si wa pipi peke yake. Mwanamke anayeujua kazi zake anaweza kumaliza kopo bila kupika pipi hata moja. Unatoa madoa ya kutu kwenye shati jeupe. Matunda ukiyakata ukayanyunyizia maji yake hayageuki rangi. Mikasi iliyoota kutu unailoweka kidogo, unaisugua, unaifuta na kuipaka mafuta. Bomba lililofanya magamba meupe linaachia lenyewe. Nikaanza kupita chumba kwa chumba, mikono nyuma, kama bwana afya.

Birika ndilo lililonishtua. Unalijua birika letu, maji ya hapa yanaacha ukoko mweupe ndani kama ganda la yai. Siku hiyo nikalikuta linang'aa mpaka naiona pua yangu. Nikamwita mke wa mjomba wako.

"Umelitia nini birika hili?"

"Siki, mama."

Nikanusa. Siki kweli. Lakini mtu aliyetumia siki leo hajathibitisha alitumia nini jana. Nikaweka moyoni.

Na wewe birika lako huko bila shaka limeota ganda, maana wanaume mnachemsha tu. Tia maji, kijiko kimoja cha unga wa ndimu, chemsha, liache lipoe, lisuuze mara mbili. Ila shika haya. Usiuchanganye kamwe na ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, vikikutana vinatoa moshi wa kukaba roho, na wewe na kifua chako hicho sitaki kusikia. Usiumwage kwenye marumaru. Lile jiwe zuri alilolileta babu yako ili tumiminie pipi liliparuzwa na unga huu mpaka likawa kama mgongo wa mamba, ndiyo maana tukahamia kwenye bati. Na ukila pipi kali usipige mswaki papo hapo, sukutua kwa maji tu, meno yanakuwa yamelegea ngozi.

Narudi kwa mwizi wangu.

Mwezi uliopita pipi zikaharibika kioo. Hapo ndipo niliposhikwa na hasira ya kweli. Pipi yangu ukiiinua dirishani unakiona kidole chako upande wa pili. Sasa zikawa na ukungu, jicho la samaki wa juzi. Ukiivunja ndani ina punje punje, inamumunyuka mdomoni kama mchanga. Mama mmoja ana kibanda karibu na lango la shule, ananichukulia mitungi minne kila wiki; akaurudisha mtungi mzima mpaka mlangoni. "Mama Pipi, samahani, lakini hizi zimekuwa chokaa." Nilitamani ardhi inimeze. Miaka arobaini na mitatu hakuna aliyewahi kunirudishia mtungi.

Nikakaa hapa hapa juu ya gunia nikafikiri. Punje zinatoka wapi? Sukari iliyokwisha kuiva na kupoa kidogo hairudi punje bure bure. Inarudi punje ikidondoshewa sukari mbichi, hata ncha ya kijiko. Zile punje mbichi zinaita nyingine, na sufuria nzima inageuka. Mimi sikutia sukari mbichi. Mimi nilitia unga wa ndimu tu. Basi sukari imo ndani ya unga wa ndimu.

Unaona? Sikusoma, lakini sukari naisoma.

Nikalamba kopo. Nikasikia utamu kwa mbali, nikasema labda ni hasira zangu. Nikatafuta shahidi asiyenunulika. Nikachukua glasi mbili zinazofanana, maji sawa sawa. Hii nikatia kijiko cha unga wa kipakiti kile cha Mwenye Mizani, ambacho nilikuwa nimekificha bado kimefungwa. Hii nikatia kijiko cha unga wa kopo la jikoni. Nikakoroga. Halafu kila glasi kijiko kimoja cha magadi. Unga wa ndimu ukikutana na magadi vinagombana, povu linapanda, na povu linapanda kwa kadiri ya ukali uliomo. Glasi ya kipakiti ikafoka mpaka ikamwagika mezani. Glasi ya kopo ikapanda, ikafika katikati, ikachoka.

Nilimwita mke wa mjomba wako aje atazame. Nikarudia tena mbele yake, glasi nyingine mbili. Povu la kwanza likamwagika, la pili likachoka katikati. Nilikuwa silitazami povu, namtazama yeye. Akaweka mkono mdomoni.

"Mwenye Mizani ametoka safi," nikamwambia. "Nani amebaki?"

"Ni mimi, mama."

Mjukuu wangu, nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa mtu kukubali. Nilikuwa na maneno yangu nimeyapanga mstari, yote yakakosa kazi.

"Sukari?"

"Sukari laini, kikombe kwa kikombe."

"Tangu lini?"

Akasema tangu yule mama wa kibanda alipolalamika mara ya kwanza. Kumbe alilalamika kabla, akamwambia yeye. Alisema pipi zimekuwa kali mno, zinachubua ndimi, watoto wanazitema njiani. Mke wa mjomba wako akaonja, akakuta ni kweli. Akaniangalia nikipika, akaona naongeza na kuongeza, naonja na kuongeza. Ndipo akaona aupunguze unga ukali humo humo koponi, ili hata nikitia vijiko vitatu iwe kama nimetia kimoja na nusu. Alisema unga na sukari vinafanana, sitajua.

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuogopa, mama."

"Kwani nina pembe?"

Mjomba wako alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani, aliposikia hivyo akarudi kuoga mara ya pili. Huyo ndiye mwanaume niliyemzaa.

Basi mke wake akashusha sauti, akasema neno lililonichoma kuliko yote. "Mama, unga haujapungua ukali. Ni ulimi wako." Akasema huenda ni vidonge vya presha, amesikia vinawafanya baadhi ya watu wasisikie ladha. Huenda ni umri. Akasema twende kliniki tukaulize. Nikamwambia atoke jikoni kwangu. Akatoka. Nikazima jiko, nikachukua mwiko, na mpaka leo mwiko nalala nao kitandani.

Leo ni siku ya tisa hatujapika. Mitungi ya yule mama wa kibanda iko mitupu, amepita mara mbili, nimemwambia bati linatengenezwa.

Sasa nisomee vizuri, maana hapa ndipo ninapokuhitaji.

Mambo ni mawili. Ama mwanamke huyu anasema kweli, na mimi nimekufa mdomo bila kujua, nimewachubua watoto wa watu ndimi miezi mitatu nikijisifu. Ama anasema uongo, aliuharibu unga wangu makusudi ili pipi zife mkononi mwangu, watu waseme bibi amechoka, na mwiko ukae mkononi mwake.

Ushahidi ninao wa kila upande. Nilipopanga nguo za kufua nilikuta kabatini kwake, chini ya mablanketi, mizani ndogo mpya, ya kupimia vitu vyepesi. Niambie wewe uliyesoma, mtu asiye na sufuria ananunua mizani ya nini? Na kwa nini aifunike blanketi mbili? Mizani haisikii baridi.

Lakini upande mwingine. Kila asubuhi na jioni tangu tugombane nakuta vidonge vyangu kwenye kisahani, na glasi ya maji imefunikwa. Haongei, anaweka na kuondoka. Mtu mwenye nia mbaya angeacha nivisahau. Au ndiyo hesabu yake, anioneshe wema ili nilainike. Nimelala nikiligeuza jambo hili kama chapati na sijui upande upi umeungua.

Na kuna jingine. Hili sijamwambia mtu, nakwambia wewe kwa sababu uko mbali na sioni uso wako. Juzi nilichukua ndimu, nikaikata, nikaja nayo humu stoo, nikaing'ata na maganda yake. Kidole changu kina mpasuko, maji ya ndimu yakaingia pale, yakaniuma mpaka nikaruka. Lakini mdomoni, mjukuu wangu, ilikuwa kama maji ya baridi yenye harufu ya ndimu. Nilingoja ibane chini ya masikio. Haikubana. Nikaogopa. Nikajiambia ndimu za siku hizi zinachumwa changa. Huenda. Kidole lakini hakikuiona changa.

Alhamisi nitamwuliza nesi wa kliniki habari ya vidonge. Kuacha siachi, usiseme sikukwambia. Lakini hata nesi akisema inawezekana, inawezekana si jibu. Mvua nayo inawezekana kila siku.

Utauliza kwa nini nisimwonjeshe mtu mwingine. Nani? Mjomba wako? Nilimpa moja akaimeza nzima kama dawa, akasema, "Nzuri mama," huku anatazama mlango. Mwenye Mizani? Atasema haijawa kali ili nizidi kununua. Fundi viatu wa hapa mbele nilimpa, akasema tamu sana, mama. Fundi yule ananusa gundi tangu ujana wake, ningempa gundi yenyewe angesema tamu. Yule mama wa kibanda anataka mitungi yake, atasema lolote litakalowasha jiko. Kila mtu hapa ana sababu ya kunidanganya, wengine kwa faida na wengine kwa huruma, na huruma ndiyo siitaki kabisa.

Wewe ndiye nisiyekushuku. Ulikuwa na miaka mitano, nilitengeneza pipi za waridi za harusi ya mama yako mdogo, watu wazima wote wanasifu, wanalamba vidole. Wewe ukaitoa yako mdomoni, ukaiweka mkononi mwangu imelowa mate, ukasema, "Bibi, hii ina sabuni." Nilikuchapa. Halafu nikaenda kuonja sufuria, na kweli kulikuwa na sabuni, sikuwa nimeisuuza vizuri. Sikuwahi kukuomba radhi kwa kofi lile. Nakuomba leo.

Usiniambie nikutumie kwa posta. Pipi ya ndimu inavuta unyevu, na unga wake ndio unaouita. Siku tatu kwenye gari la mizigo utapata donge la karatasi na maji matamu, halafu useme zinalia kwa sababu bibi amezeeka. Na kwa simu huwezi kuonja. Itabidi uje.

Nikwambie na hili, ili usije na moyo mzito ukadhani unakuja kuniua. Kama ulimi umekwenda, umekwenda. Macho yangu bado yanaona punje, vidole vyangu bado vinajua bati lina joto gani, sikio langu linasikia sufuria ikinyamaza. Naweza kukaa kwenye kiti nikamfundisha yeye hayo yote, maana kwa kweli kukata kwa mkasi bado anakata kama anayekata kucha za mtoto. Lakini ajue kwamba nimempa. Asichukue kwa mlango wa nyuma, kwa kikombe cha sukari. Na kama ulimi ni mzima, basi mimi na yeye tutakaa chini tuongee habari ya mizani ile, na atanieleza mpaka nielewe.

Nisalimie mama yako, mwambie mamake anampenda na beseni aliweke juu ya kiti. Nisalimie dada yako, mwambie ile picha aliyonitumia ya nywele fupi nimeizoea. Msalimie baba yako pia, ingawa yeye ndiye aliyewahamishia huko. Mjomba wako anawasalimu, yuko bafuni. Mke wake naye angewasalimu kama angejua naandika. Pokeeni salamu zake hata hivyo, sitaki kumdhulumu salamu.

Mungu akufunike unapolala na akufungulie unapoamka. Akupe kazi isiyokuvunja mgongo, na rafiki atakayekwambia ukweli ukiwa na chakula mdomoni. Akulinde na magari, na maji machafu, na watu wanaocheka na kila mteja.

Ni mimi mkeo mkubwa, bibi yako, nikupendaye mpaka ninapokufokea.

Sasa shika maagizo, usome mara mbili. Njoo Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, basi la asubuhi. Njiani usitafune kitu, usinywe kahawa, na kama umeshaanza sigara, siku hiyo uiache. Ukishuka sukutua kwa maji matupu. Usipitie mbele, pita uani uingie jikoni moja kwa moja, usimsalimu mtu, hata mimi. Utanikuta nimekaa upande mmoja wa meza, mke wa mjomba wako upande wa pili, na katikati kuna sahani ya pipi nilizopika asubuhi hiyo peke yangu, kwa unga mpya wa kipakiti, kwa ulimi wangu. Kando ya sahani nitaweka mwiko. Weka pipi moja mdomoni, uimumunye mpaka iishe, usinitazame usoni. Ikiwa ni sawa, nipe mimi mwiko. Ikiwa inakuchubua, mpe yeye, umkabidhi mkononi nikiona. Halafu ndipo unisalimu.